Nyama ya Wote

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndipo shida zangu zilipoanza. Ya kabla ya hapo nayaruka. Nilizaliwa, nikasoma mpaka darasa la nne, nikaacha. Inatosha. Watu wa kwetu wakianza kujieleza huanzia kwa babu wa babu mpaka chai inapoa, na mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia. Hata huo nisingeusimulia kama Mama Saumu asingekuja kwangu Idi iliyopita. Nilikuwa sijamwona tangu alipohamia Kigoma kwa ndugu zake, baada ya kufiwa na mumewe. Binti yake alimleta kwa gari mpaka mlangoni. Akateremka taratibu, mgongo umepinda, fimbo mkononi, macho makali vile vile. Akaingia sebuleni, akayatazama makochi, akalitazama friji, akaitazama feni inavyozunguka. "Shabani," akasema, "nyumba kubwa yote hii na bado unakaa kiti cha mlangoni kama mlinzi." Nikacheka, maana ni kweli. Mke wangu akaleta pilau. Mama Saumu akanawa, akachukua kipande cha nyama, akakishikilia hewani. "Nani kachinja?" "Mimi, Mama." Basi akala. Alikula kama msichana. Nikamtazama anavyotafuna, nikajikuta nimerudi kwenye jiko lake la miti na udongo, nina njaa, nina miaka kumi na tisa.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko la Bariadi. Wakati huo mkoa wa Simiyu haukuwepo, sisi tulihesabiwa Shinyanga. Mbele ya nyumba ilikuwa bucha ya mumewe, Mzee Hamisi. Katikati ua wenye mti wa mlimao usiozaa. Nyuma kabisa jiko, na pembeni ya jiko chumba cha ngozi. Humo ndimo nilimolala, mimi na ngozi za ng'ombe zilizopakwa chumvi na kupangwa moja juu ya nyingine. Harufu yake watu waliikimbia. Mimi mpaka leo nikiisikia, usingizi unanijia. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, Mama Saumu akiyaunga kwa karanga. Nyama ilikuwa ya kuuza. Sisi tulipata utumbo, na siku njema makongoro. Mzee Hamisi alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mrefu, goti moja bovu, anavaa koti juu ya kanzu hata jua likiwa la kupasua kichwa. Hakunizaa, lakini alinipa sahani wakati sahani nilikuwa sina. Yeye ndiye aliyenipeleka msikitini nikasilimu, akanipa jina la Shabani, na yeye ndiye aliyenifundisha kisu. Usikinoe mbele ya mnyama. Usimchinje mmoja mwenzake akiona. Mlaze taratibu, mwelekeze kibla, taja jina la Mungu, na mkono wako usiwe na mashaka. Nikikosea alinipiga kofi la kisogoni, halafu ananiita tule. Vijana wa leo wangekimbilia polisi. Mimi nilimpenda.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu ambalo mtu wa pwani anaweza asilijue. Hapa Usukumani, kwenye kaya za wafugaji, unaweza kukuta sherehe ambayo mwenye kaya anafuata mambo ya mababu, mkewe anakwenda kanisani, na shemeji zake wanaswali. Wote watakula chungu kimoja. Kwa hiyo hata kaya isiyo na Mwislamu hata mmoja itamwita Mwislamu aje achinje, ili mgeni asije akakaa pembeni anameza mate. Na kule Dutwa walikuwa na desturi yao. Ng'ombe akishachunwa na kukatwa, kabla wanawake hawajainua mabeseni kwenda jikoni, mwenye kaya anasimama mbele ya wageni wake, anamwuliza mchinjaji kwa sauti: "Nyama ni ya nani?" Mchinjaji anajibu: "Ni ya wote." Hapo vigelegele, mabeseni yanaondoka. Kwa watu wengi lilikuwa neno la kupita tu, kama salamu. Mimi nililijibu mara nyingi mwaka ule nikiwa nawaza ugali.

Mwaka huo mvua zilikataa. Upande wa Mwanhuzi nyasi ziliisha, ng'ombe wakaja mnadani mbavu nje. Mzee Hamisi aliahidiana na mzee mmoja wa Dutwa, namhala Malunde, kumpelekea madume mawili ya harusi ya binti yake. Namhala ndivyo Wasukuma tunavyomwita mtu mzima wa heshima, na huyu alikuwa nayo: zizi kubwa, sauti kubwa, na mambo ya mababu ameyashika kwa mikono miwili. Mzee Hamisi aliweka kila alichokuwa nacho kwenye wale madume. Wakaswagwa kutoka Mwanhuzi kwa miguu kwenye jua, mimi nyuma yao na fimbo, Mzee Hamisi akatutangulia kwa baiskeli akiikanyaga kwa mguu mmoja mzima. Asubuhi ya harusi tukaingia Dutwa. Dume wa kwanza nikamchinja vizuri. Wa pili, mweupe, alikuwa amelala chini ya uzio tangu alfajiri. Nilipomfikia, nzi alikuwa anatembea juu ya jicho lake, na jicho halikupepesa.

Dini yetu ina nafasi hapo. Mnyama aliyezidiwa, ukimuwahi angali na uhai, ni halali. Ndiyo maana nilifanya haraka, nikataja jina la Mungu, nikakata. Hakurusha mguu. Damu haikuruka, ilitoka polepole, nzito, nyeusi, kama inasukumwa na mtu mvivu. Nikamtazama Mzee Hamisi aliyekuwa amesimama juu yangu, koti lake likinikinga jua.

"Mzee, huyu alishakufa."

"Umetaja jina la Mungu, hujataja?"

"Nimetaja."

"Basi. Chuna."

"Mzee, ni kibudu."

Akainama mpaka nikasikia tumbaku kwenye pumzi yake. "Mwaka huu, kaya gani haijala ng'ombe aliyejifia? Hawa hawajali, Shabani. Mwenyewe Malunde anakula. Chuna, mwanangu. Mungu ni mwingi wa kusamehe." Aliposema mwanangu niliumia zaidi kuliko angenipiga. Na alichosema kuhusu njaa kilikuwa kweli. Watu walikuwa wanakula, na siwalaumu mpaka leo. Lakini upande wa bwana harusi walitoka Mwamanyili, kule karibu na ziwa, na nilikwishaona vibarakashia vinne vitano kwenye kundi lao. Nikachuna. Kuchuna siyo kusema. Mikono ilifanya kazi na kichwa kiliomba namhala Malunde asahau kuuliza.

Hakusahau. Alisimama katikati ya ua, shuka begani na fimbo mkononi, wakwe zake wa Mwamanyili wamekaa kwenye viti upande huu, ndugu zake upande ule, wanawake wameshika mabeseni. "Mchinjaji! Nyama ni ya nani?"

Nikaona Mzee Hamisi ananitazama. Nikasema, "Namhala, ya dume mwekundu ni ya wote. Ya dume mweupe siyo ya wote."

Bibi mmoja akatua beseni chini. "Unasemaje wewe?" namhala akauliza.

"Yule mweupe nilimkuta amekwisha. Anayekula wa namna hiyo na ale. Asiyekula asile kwa neno langu."

"Kijana mjinga huyu!" Mzee Hamisi akapaza sauti, akicheka kicheko kibaya. "Jua limempiga. Ng'ombe alikuwa mzima kabisa, mimi nilikuwepo." Mmoja wa wale wakwe, mwenye barakashia, akamwuliza mwenzake kwa Kisukuma, tena bila kunong'ona, kama huku kwa akina Malunde ndivyo wanavyopokea watu. Namhala Malunde alibadilika sura. Nilidhani atanipiga na ile fimbo yake. Badala yake akaelekeza fimbo kwenye zizi. "Mtoeni yule wa mabaka. Chinja huyo. Halafu wewe na mzee wako mniondokee." Ng'ombe wake mwenyewe, mwaka wa njaa, mbele ya wakwe. Nikachinja. Hakuna aliyetukaribisha hata maji.

Tulirudi Bariadi yeye kwenye baiskeli, mimi kwa miguu, na sikuona mgongo wake tena mpaka nyumbani. Nilipofika shuka langu lilikuwa limekunjwa limewekwa nje ya chumba cha ngozi. Mama Saumu alikuwa jikoni anasema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto wa watu umwache aende wapi, Baba Saumu?" Na yeye: "Aende huko alikojifunzia kuniaibisha." Nilijifunzia hapo hapo, kwake, na pengine ndiyo maana ilimuuma. Nikachukua shuka nikaondoka.

Nililala barazani msikitini. Mchana nilibeba magunia ya pamba, nayo mwaka ule ilikuwa kidogo, kwa hiyo na mimi nilikula kidogo: michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kutafuna kavu na maji. Lakini shida yenyewe ilikuwa nyingine. Maneno ya harusi yalifika mjini yamekatika vipande, na watu wakaja kwangu wayaunge. "Shabani, ni kweli Hamisi anauza kibudu?" Nilijua wazi: nikisema ndiyo mara moja tu pale sokoni, bucha ya Mzee Hamisi inafungwa kabla ya Ijumaa, na yule mama na binti yake hawana pa kwenda. Bwana mmoja mwenye bucha upande wa stendi, nitamwita Jirani kwa sababu watoto wake ni wazima na ni watu wazuri, alikuja mpaka barazani na chapati mbili kwenye gazeti. "Njoo kwangu. Chumba nakupa, chakula nakupa. Wewe siku ya gulio useme tu ulichokiona. Si kweli? Ukweli ni dhambi?" Nilikula chapati zote mbili, sitadanganya. Nikamwambia nitafikiri.

Nilikwenda kumwuliza Maalim, mzee aliyetufundisha watu wazima kusoma alfajiri, mimi nikiwa mbumbumbu kuliko wote. Nilimwambia, "Maalim, ulitufundisha tusimamie haki hata ikiwa dhidi ya wazazi wetu. Nilifanya. Sasa mbona nikiwaza kusema tena nasikia kichefuchefu?" Akaniuliza kule Dutwa niliulizwa na nani. Nikasema na mwenye nyama. Na sokoni unaulizwa na nani? Nikasema na yeyote anayepita. Akanisomea aya ya sura ya Al-Hujurat, akanifafanulia taratibu: kumteta mwenzako nyuma yake Mwenyezi Mungu amekufananisha na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. "Ungependa?" akauliza. Nilikuwa nimekataza watu kula dume mweupe, na sasa nimeandaliwa Mzee Hamisi niwagawie watu sokoni. Nikamrudia Jirani. Nikamwambia, "Nilichoulizwa nilikijibu pale pale nilipoulizwa. Hapa sina la kusema." Akacheka, "Basi endelea kulala na kunguni." Nikaendelea.

Mara nyingine nawaza haya msikitini kwetu leo, tulivyo na kundi la simu. Watu wamesoma, wengine wamesomea nje, wanajua aya kwa namba. Asubuhi wanatumiana dua, mchana wanatumiana sauti ya mke wa fulani kagombana na mumewe, jioni dua tena. Mimi nilitoka kwenye kundi. Wakaniambia mzee umepitwa na wakati. Nikawaambia nyinyi mnakula nyama ambayo hata nzi ameiacha. Hawakupenda, na sikusema ili wapende. Tena wapo wa upande wa pili: mtu anaona ofisini kwake jambo bovu, anaulizwa na mwenye haki ya kuuliza, anajibu hajui, halafu anajisifu kwamba ana sitara. Sitara gani hiyo! Kusema pale unapotakiwa na kunyamaza pale unapotamani kusema, mimi naona ni kazi moja, na ni ngumu kuliko kufunga mchana mrefu.

Kitu kimoja sikukiacha. Kila asubuhi nilipita bucha, nikasema, "Shikamoo, mzee." Hakujibu. Alikata mfupa kwa shoka kana kwamba mfupa ndio uliosema. Halafu nikazunguka nyuma, nikamjazia Mama Saumu mapipa ya maji, kwa sababu Saumu alikuwa bado mdogo na kisima kilikuwa mbali. Maalim hakuniambia nifanye hivyo. Mtu aliyekupa sahani hata akikunyang'anya, ulishakula.

Mvua zilirudi mwisho wa mwaka. Asubuhi moja nilikuwa uani namimina maji, matope mpaka kwenye vifundo, nikasikia sauti kubwa mbele buchani. "Mwangaluka, Hamisi!" Ilikuwa sauti ya namhala Malunde, akisalimia kwa Kisukuma. Nikatulia na ndoo mkononi. Mama Saumu alitoka jikoni, akaweka kidole mdomoni, tukasikiliza wote wawili kama wezi.

"Mama yangu amefariki," namhala akasema. "Jumamosi naondoa msiba. Nataka mchinjaji."

"Pole sana, namhala. Nitakuja mwenyewe."

"Wewe goti lako bovu. Nataka kijana wako."

"Sina kijana."

"Unaye. Na hujui ulicho nacho. Siku ile niliaibika, nikakasirika mpaka nikakataa chakula cha harusi ya mwanangu mwenyewe. Nikajua wakwe wataondoka na mahari yao. Yule mzee wa barakashia akaja akanishika mkono. Akasema, kaya ambayo mchinjaji anaweza kumwambia mwenye kaya hapana, na mwenye kaya akatoa ng'ombe mwingine, binti wa hapo namtaka. Ng'ombe wa mahari walikuja wote, Hamisi. Hata ndama hakupungua. Sasa hao wakwe wanakuja kwenye msiba wa mama yangu. Nikiuliza nyama ni ya nani, nataka anijibu yule."

Mama Saumu alikuwa ameshika mkono wangu na kucha zake zilikuwa zinaniingia. Kisha tukasikia lile goti linaburuta sakafuni. Mzee Hamisi akatokea kwenye mlango wa uani. Hakunitazama usoni. Alitazama ndoo.

"Weka hiyo," akasema. "Nenda kanoe kisu, kimeota kutu."

Nilikaa pale pale kwenye matope, mtu mzima, nikacheka mpaka machozi, na Mama Saumu akanipiga na mwiko akisema, "Inuka, unachafua ua!" huku na yeye analia. Mchana tulikula sahani moja, mimi na mzee. Ugali na maini. Maini, nyumba ile! Sahani ikakaribia kwisha.

"Yule dume," akasema. "Jicho lake nililiona."

"Najua, mzee."

"Haya, kula."

Hilo tu. Hakulirudia mpaka anakufa, na mimi sikumdai alirudie. Jumamosi nilikwenda Dutwa, yeye nyuma ya baiskeli na mimi nakanyaga. Nikaulizwa, nikajibu, vigelegele vikapigwa ingawa ulikuwa msiba, kwa sababu yule bibi alikuwa ameishi sana na watu walikuwa na njaa.

Nilidhani najua yote ya mwaka ule. Lakini Idi iliyopita, Mama Saumu alipomaliza pilau na kuomba maji ya uvuguvugu, akaniambia neno ambalo sikulijua kwa miaka yote hii. "Wewe ulidhani anakuchukia," akasema. "Alikuwa anakuogopa. Kila jioni akifunga bucha ananiuliza, 'Leo kasema?' Namwambia bado. Hali chakula vizuri, anasogeza sahani. Siku aliposikia umemkatalia yule bwana wa stendi, alirudi akala ugali wote, akakomba sufuria, akalala saa kumi na mbili na kanzu yake. Nikamwambia mfuate mtoto. Akasema, 'Nitamtazama kwa uso gani?' Ndiyo ilikuwa shida yake, mwanangu. Uso."

Nilitoka nje kidogo nikijifanya naangalia ng'ombe. Miaka yote nilikuwa nimebeba zile asubuhi zisizojibiwa kama jiwe kwenye kiatu. Nilipumua. Pumzi ilikwenda mbali. Nikarudi, nikamwambia Mama, "Shikamoo zangu zilifika basi." Akasema, "Zilifika zote. Niongeze pilau."

Niliyonayo leo ni haya. Nina nyumba ya matofali yenye sebule na vyumba vya kutosha wageni. Nina ng'ombe, idadi yao namwachia mke wangu na afisa mifugo. Nina shamba la pamba Dutwa na la mpunga Mwamanyili. Nina pikipiki moja na gari bovu moja ambalo fundi anaapa litapona. Nina watoto sita, wote walipita darasa la nne. Nina ruhusa ya kuchinja, ya karatasi, ya machinjio ya mji, na visu vitatu. Nina bucha ya nyuma ya soko, niliyouziwa na Saumu baba yake alipofariki. Nimeweka vigae, nimeweka mzani wa umeme na jokofu. Juu ya mlango pameandikwa HAMISI, na kila rangi ikichakaa namwita fundi aandike vile vile.